Fimbo Iliyoegemezwa Ukutani

Wiki hii ofisi yetu imehamia Mtumba na Mjomba amezikwa Kongwa, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno ya shemeji. Jumapili, alipomaliza kucheza, aliiegemeza fimbo yangu ya pool ukutani, kando ya dirisha linalopigwa na jua la jioni. Nilipomwomba ailaze kwenye mkoba wa fimbo, alijibu mbele ya mwanangu Baraka: "Shemeji, mti ulishakatwa, ukakauka, ukapakwa vanishi. Sasa hapo unamuuguza nani?" Nikasema tu kwamba fimbo hupinda. Akacheka, akaenda kunawa.

Tangu hapo namjibu kimoyomoyo kila nikipanda daladala. Ningemwambia kwamba mti uliokatwa hauachi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Fimbo yangu ni ya maple, mti wa Amerika Kaskazini, nayo inaishi Dodoma, ambako mvua zikishakatika Aprili upepo mkavu huvuma kwa miezi. Upande unaochomwa na jua hukauka na kusinyaa kabla ya mwenzake, na fimbo iliyoegemezwa hulemewa na uzito wake yenyewe mpaka ikapinda. Ikishapinda, hainyooki kirahisi. Ndiyo maana huilaza, au kuining'iniza wima, na siiachi kamwe ndani ya gari mchana.

Unamuuguza nani? Swali hilo linaniuma kwa sababu aliyeuliza anacheza vizuri kuliko mimi, na anajua jinsi mpira mweupe unavyotii kipande cha ngozi kilicho kwenye ncha ya fimbo, chenye upana wa milimita 13 tu. Anajua pia kwamba vumbi la chaki likichanganyika na jasho, fimbo hunata vidoleni katikati ya pigo. Wengi hapo hukimbilia msasa. Mimi msasa siuruhusu, kwa kuwa kila unapopita unakula mbao, na unene uliopotea haurudi. Kitambaa kikavu kinatosha. Uchafu ukikaidi, chenye unyevu kidogo sana, kisha naikausha papo hapo na kuisugua kwa karatasi hadi mbao ipate joto kiganjani.

Alhamisi jioni nilimkuta Baraka ameifungua fimbo kwenye kiungo, na kitambaa chake kimegeuka buluu kwa chaki. Hakuna aliyemtuma. Alikiviringisha kile kipande chembamba juu ya meza ya kioo, jicho likiwa usawa wa meza, akitafuta upenyo wa mwanga unaofunguka na kufunga chini yake.

"Baba, imenyooka."

"Iviringishe tena."

Akaiviringisha tena, polepole zaidi. Shemeji akija Jumapili nitampa acheze, na mkoba nitauweka wazi mbele yake.

Ila Mama amepiga simu kutoka Hombolo: ugonjwa wa ubwiri unga umeingia kwenye mizabibu, matunda bado ni mabichi, na dawa ya salfa aliyobakiwa nayo haitoshi hata nusu ya shamba.