Siku moja jikoni kwangu: sosi na siagi ya karanga bila kuongeza sukari

Saa 11 alfajiri huwa nimeshafika soko la Ilala, kwa kuwa nyanya zilizoiva barabara huwahi kuisha, nazo ndizo zinazobeba utamu wa sosi isiyotiwa sukari. Zenye ukijani karibu na kikonyo sizichukui hata zikipunguzwa bei, maana uchachu wake humlazimisha mpishi kutafuta sukari ya kuufunika.

Ifikapo saa 2 asubuhi nimeshazichovya katika maji ya moto, nimezimenya, nimezisaga na kuzichuja mbegu. Kilo 5 za nyanya, pamoja na vitunguu maji, kitunguu saumu, karafuu na mdalasini, hukaa kwenye moto mdogo kwa takriban saa 3, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo utamu wa nyanya yenyewe unavyokolea. Ili kujua kama imeiva, hudondosha tone kwenye sahani baridi: likizungukwa na duara la majimaji, naendelea kukoroga, likitulia bila kuchuja maji, natia siki na chumvi, kisha najaza chupa za kioo zilizochemshwa.

Saa 6 mchana ni zamu ya karanga, na hapa sina haraka hata kidogo. Nazichambua moja moja kwenye ungo, nikitupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kukaangwa. Baada ya kuzikaanga na kuzipepeta maganda, nazisaga kwa vipindi ili blenda isichemke. Kwanza huwa unga, kisha donge zito linalogoma kuzunguka, halafu mafuta yake hujitokeza na siagi kulainika yenyewe, pasipo haja ya kuongeza kitu ila chumvi kidogo.

Saa 10 jioni wateja huanza kuja. Leo mama mmoja wa mtaani, ambaye ana kisukari, aliniuliza:

“Mwanangu, ukinitilia asali si itakuwa salama?”

“Hapana, mama. Asali nayo ni sukari.”

Nilimweleza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaiweka asali katika kundi moja na sukari ya mezani, na kwamba hata nyanya ina sukari yake ya asili, ndiyo maana kwenye chupa naandika “haikuongezwa sukari” wala siandiki kwamba haimo kabisa. Naona ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha.

Saa 12 jioni nakagua tarehe ndani ya friji. Sukari nyingi husaidia kuhifadhi chakula kwa kuyashika maji ambayo vimelea huyahitaji. Sosi yangu haina ulinzi huo, hivyo iliyopita wiki 2 naimwaga, hata kama harufu yake bado ni nzuri.