Afande Haraka

Katika kambi ya polisi ya Nsambya watu walimwita baba yangu Afande Haraka, nami nilikua nikiamini ni kwa ajili ya mwendo wake. Alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Sababu yenyewe niliisikia nikiwa na miaka 31, usiku mmoja wa Novemba 2014, katika Jumba la Maonyesho la Taifa, Kampala, tukiwa mapumzikoni na chupa moja ya maji kati yetu.

Tiketi hazikuwa zetu. Bosi wangu aliuguliwa na mtoto dakika za mwisho, akanikabidhi mbili: okestra nzima ya simfoni, pamoja na wapigaji wawili mashuhuri kutoka Ulaya, mmoja wa tarumbeta na mmoja wa fidla. Mama alikataa palepale. Yeye hawezi kukaa saa mbili anasikiliza nyimbo zisizo na maneno. Baba hakujibu kitu, ila nilipopita kumwaga maji ya vyombo nikamwona anapiga viatu rangi.

Lazima niseme baba alikuwa nani. Alikuwa mpiga matoazi katika bendi ya polisi kwa miaka 26, mpaka alipostaafu. Watu husikia "bendi" wakafikiria tarumbeta zinazong'aa. Yule wa matoazi humsahau kabla hata paredi haijamalizika. Sare zake zote zilikuwa na alama mbili za kuchakaa kifuani, kulia na kushoto, pale alipobana matoazi kuzima sauti. Mama alizishona viraka hivyo hivyo, jozi baada ya jozi. Uani kwetu alinifundisha kwa mifuniko ya sufuria. "Usigonge sawa kwa sawa," alisema, "hewa nafungwa ndani, inatoka pof, kama mtu nakaa juu ya mto." Mmoja unauteremsha, mmoja unaupandisha, ikutane ukingo kwanza, kwa mshazari. Mifuniko ya mama ilipata mabonde ambayo yapo mpaka leo.

Ndiyo, alisema "hewa nafungwa". Baba ni wa Arua, mama ni wa kabila la Watooro, kutoka Fort Portal, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichowaoa, kisicho na habari na ngeli. Mimi niliyesomea Arusha miaka minne nilijaribu kumsahihisha nikashindwa. Jijini Kampala kulikuwa na wakati Kiswahili kilimaanisha askari au mwizi, na hata jioni ile, alipomwambia dereva wa taksi "shusha sisi hapa", abiria waliokuwa wakicheka walinyamaza ghafla. Baba alifurahia sana. Alishuka akijivuta koti.

Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1959, na ukuta wake wa mbele wenye matundu matundu baba aliujua kwa nje tu. Alikuwa amesimama kwenye lami mbele yake mara nyingi, na sare, akingoja wageni wa heshima waingie. Ndani ilikuwa mara yake ya kwanza.

Walianza na wimbo wa taifa. Wetu ni mfupi kuliko nyimbo nyingi za taifa duniani; ukikawia kusimama, umekwisha. Baba alikuwa amesimama kabla ya pigo la kwanza, visigino vimegusana. Watu wa mbele yetu waligeuka kumtazama. Nilitamani kumvuta koti, kisha nikaona aibu kwa kutamani hivyo.

Halafu muziki wa Haydn, konseto ya tarumbeta ya mwaka 1796, yaani mpigaji mmoja mbele na okestra nyuma yake. Mpigaji alikuwa mrefu, mwenye mashavu mekundu, na kusema kweli alipiga vizuri, lakini sehemu ya kwanza ilipoisha ukumbi ukalipuka makofi, na ilipoisha ya pili makofi tena. Wenye kujua, ambao hungoja mpaka sehemu zote ziishe ndipo wapige makofi, walikunja nyuso. Mimi sikuona kosa. Mtu akifanya vizuri, utamngoja mpaka lini? Baba naye alipiga makofi, ila kwa kupima, kama anamsaidia mtu kushika mwendo.

Aliyetushinda akili ni Mendelssohn, konseto ya fidla katika E ndogo. Mwanamke wa fidla aliingia karibu mara moja, hakungoja okestra imtangulize. Sehemu ya kwanza ilipokata, mikono ya watu ikawa tayari hewani, lakini sauti moja ya fagoti, chombo kirefu cha kupuliza chenye sauti nzito, ikabaki imening'inia, haikukoma, na juu yake muziki ukageuka polepole ukawa kitu kingine. Mikono ikarudi mapajani. Baba alicheka kwa sauti. "Huyu mzee alijua sisi," alininong'oneza.

Mapumzikoni hakutaka kutoka nje. Alikuwa akitazama jukwaa, nyuma kabisa, ambako msichana mmoja mwenye nywele fupi alikuwa akipanga matoazi juu ya kiti kilichotandikwa kitambaa.

"Ile mtoto nafanya kazi gani? Tangu mwanzo hakugonga hata moja."

Nikamwambia labda zamu yake inakuja. Karatasi ya programu ilionyesha kilichobaki ni simfoni ya tisa ya Dvořák, ile aliyoiandika akiwa Marekani, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Kuhusu matoazi haikusema lolote.

Alikunywa maji, akafunga kizibo, akakifungua tena. Ndipo akaniambia. Ilikuwa Kololo, siku ya Uhuru, mwaka asioutaja. Uwanja mzima, mabalozi, majeshi yamepanga mistari. Kulikuwa na mahali bendi inanyamaza baa nane, yaani vipimo nane vya muziki, kisha wote wanaingia kwa pamoja, matoazi yakiwa mbele. Akahesabu saba.

"Baa moja, mama. Moja tu. Uwanja yote kimya, mimi peke yangu: chaa!"

Hakuna aliyemwadhibu. Jioni ile kantini mtu mmoja akasema, "Afande Haraka, kaa chini tule," wakacheka, naye akacheka nao. Jina likashika. Watoto wakalichukua, kisha walimu wetu, kisha hata mchungaji. Nami, nakumbuka, nililiandika kwenye kadi ya Krismasi nikiwa darasa la tatu, na ua jekundu pembeni.

Taa zikazimwa kabla sijapata la kusema.

Sitaisimulia simfoni yote. Sehemu ya pili kuna chombo kirefu jamii ya zumari kinachoimba peke yake, na mama mmoja nyuma yetu akaanza kukifuata kwa pua, akidhani ni wimbo wa kanisani. Sehemu ya tatu kijana wa pembeni aligonga pembetatu ya chuma. Yule msichana alikuwa bado amekaa, mikono mapajani. Nilijikuta nami nimeacha kuwatazama wenye fidla. Nusu saa ilikuwa imepita.

Sehemu ya nne ikaanza kwa nguvu, shaba zote zinaunguruma, nikajua sasa. Si sasa. Msichana akasimama, akayachukua matoazi taratibu, akapitisha vidole kwenye kamba za ngozi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilitazama upande, na midomo ya baba ilikuwa inacheza vilevile, ingawa hakujua anahesabu kuelekea wapi. Nikaushika mkono wa kiti.

Aligonga mara moja. Si kwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anayefungua pazia, na shaba zikiwa zimeshatulia, ukingo kwa ukingo, kwa mshazari. Akaacha sauti itembee kidogo, akayabana kifuani. Akakaa.

Basi. Mpaka simfoni ilipoisha hakugonga tena. Dvořák alimwandikia pigo hilo moja tu katika simfoni nzima.

"Ameingia sawa," baba alisema, akaegemea kiti, na sidhani kama alisikia vizuri yaliyofuata.

Watu walipokwenda mbele kupiga picha na mwanamke wa fidla, baba alikata kulia moja kwa moja hadi ukingoni mwa jukwaa, kwa mwendo wake ule ule. Msichana hakujua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "asante". Baba Kiluganda chake ni cha sokoni. Wakaelewana kwa mikono. Akaomba toazi moja, akaligeuza, akaonyesha fundo la kamba lililokuwa linaanza kulegea, akalifungua, akalifunga upya, mara mbili ili msichana aone. Msichana akajaribu lile la pili. Baba akalivuta kulipima, akatikisa kichwa kukubali, akampigia saluti. Msichana naye akampigia, kwa mkono wa kushoto.

Mvua ilitukuta kwenye boda, watatu juu ya pikipiki moja, na mama alitufungulia mlango akiwa na taulo mkononi.

"Haya, walipiga nini?"

"Matoazi," baba alisema, anavua viatu. "Mara moja."

"Mara moja?" Mama akanigeukia mimi. "Na tiketi ni shilingi ngapi?"