Shingo ya Joho

Neno la wiki: Kutoka 28:3, 31–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki ya tatu hii nahangaika na vazi la mradi wangu wa mwisho chuoni: joho la kitani lenye makomamanga ya kutarizi kuzunguka shingo. Wazo nililipata hapo hapo kwenye Kutoka 28, Musa anapoagizwa joho la Haruni litiwe pindoni makomamanga ya nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu, na njuga za dhahabu kati yake. Mimi niliyapandisha shingoni, yaonekane.

Jumanne nikalitoa kwenye fremu, nikalijaribu mbele ya kioo. Kichwa kilipopita tu, nikasikia kitambaa kikichanika. Nyuzi za kitani zilikuwa zimechomoka chini ya komamanga la tatu, na shingo yote imejivuta kama midomo ya mtu aliyelamba ndimu. Nilikata shingo nikaanza kutarizi papo hapo, bila kitambaa cha ndani cha kuishikilia. Siku 11 za mshono wa mnyororo!

Usiku nikarudi kwenye sura ile ile. Kusema kweli nilikuwa natafuta faraja, si ufundi. Nikakutana na mstari wa 32, niliousoma mara nyingi bila kuuona: tundu la kupitisha kichwa lizungushiwe utepe wa kufumwa, lisipasuke. Nikaiweka Biblia chini. Mungu aliyeshuka Sinai kwa moto na moshi anazungumzia ukingo wa shingo ya nguo. Na mafundi walitii. Sura ya 39, mstari wa 23, inautaja utepe huo tena.

Ndipo mstari wa 3 ukanishika. Watu wa kushona mavazi ya Haruni, Mungu anasema amewajaza roho ya hekima. Kwa ajili ya kushona! Bezaleli, fundi mkuu wa hema la ibada, hata hajatajwa bado, yeye anakuja sura ya 31. Mimi huomba kabla ya kushika sindano: afya, ada, alama nzuri. Nikishasema amina, namwacha Bwana pale pale kwenye amina, naendelea peke yangu. Sijawahi kumuuliza kipi kitangulie, tarizi au utepe.

Tangu juzi nafumua. Ncha ya sindano na mkasi mdogo, tundu kwa tundu, na uzi mwekundu unatoka umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye msuko. Nikifumua narudia Zaburi 139:15, mtunzi anaposema aliungwa kwa ustadi sirini. Kwa Kiebrania, neno lile ni la mzizi mmoja na kazi ya mtarizi wa hema. Basi kazi hii anaijua mwenyewe, na mwili wangu ni kitambaa alichokwisha kukishika.

Utepe nimeshaukata.

Ee Roho wa hekima, kesho saa mbili asubuhi nakaa tena kwenye fremu. Nionyeshe pa kuanzia, na nikishaanza, usiniache niendelee peke yangu.