Faiba ilifika mlangoni, waifai ikagoma kupanda ngazi

Shangazi yangu anakaa ghorofa ya pili ya nyumba ya familia, Mji Mkongwe, Unguja. Mwanawe yuko Uingereza, na kila baada ya Isha huzungumza kwa video. Tulipovutiwa faiba, intaneti ya waya wa nuru, nilimwambia shida imekwisha. Usiku uleule nikasikia kutoka juu: "We mtoto, njoo! Huyu kaganda tena!"

Wiki nzima niliwasumbua watu wa kampuni. Jibu lao lilikuwa lilelile: kwetu iko sawa. Niliapa wananidanganya. Siku ya nane nikaunganisha laptopu na ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kwa waya, bila waifai, nikapima: megabiti 20 kwa sekunde, vilevile nilivyolipia. Nikaona haya. Intaneti ilikuwa inafika nyumbani bila kasoro. Iliyokwama ni waifai, yale mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta hadi kwenye simu.

Na nyumba zetu hizi mnazijua. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita, halafu sakafu ya boriti na mawe juu yake. Ruta ilifungwa chini, karibu na mlango. Masafa ya gigahezi 5, moja ya njia mbili za waifai yetu, hayakuvuka hata ukumbi. Nikahamia 2.4, ambayo hupenya zaidi, ikafika katikati ya ngazi ikachoka. Nikanunua kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ili kiyarushe mawimbi mbele. Hela ya bure. Kinapokea na kurusha kwa chaneli ileile, kasi inabaki nusu, na chenyewe kilikuwa kinapokea makombo.

Ikabidi nivute waya. Wa Cat 6, aina ya waya wa mtandao, hufika mita 100. Mimi nilihitaji 23. Kutoboa ukuta sikuthubutu. Mji wenyewe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na chokaa kuukuu ukiitia drili inamwagika kama unga. Nikaupandishia uani, ndani ya paipu la umeme usiliwe na jua, ukaingia chumbani kwa tundu la antena ya zamani ya televisheni, pembeni mwa dirisha.

Kubana vichwa, zile plagi za ncha za waya, ndiko kulikonitoa jasho. Nyuzi nane, kila moja na mahali pake. Ile ya kijani haikai jirani na mwenzake mweupe-kijani: mweupe-kijani ni wa tatu, kijani ni wa sita, na katikati yao wanaingia wa buluu wawili. Mimi nikawaweka pamoja kwa kuwa wanapendeza. Kwenye kipimio cha waya, taa ya nne upande huu ikawasha ya sita upande ule. Nikakata, nikaanza upya.

Chumbani nikafunga ruta yetu ya zamani, jina na nywila zilezile, chaneli tofauti: chini 1, juu 11. Kosa la mwisho lilikuwa kuiacha nayo igawe anwani za mtandao, zile namba za kutambulisha kila kifaa. Simu moja ikipata anwani kutoka ruta ya chini, nyingine kutoka ya juu, na iliyopata ya juu haina pa kutokea. Nikaizima kazi hiyo, akabaki mgawaji mmoja.

Binamu sasa hagandi. Shangazi analalamikia kitaa cha kijani kinachopepesa usiku kucha. Ameshakifunika kwa plasta ya kidonda.