Nilivyoipima busta ya mipapai kwa vikaratasi kumi

Nilinunua chupa tatu za busta, dawa ya kukuzia miche, kwa sababu ya mche mmoja. Huo nilioutilia busta ulikuwa na sentimita 26, na mwenzake niliokuwa nikiumwagilia maji matupu ulikuwa na 20. Viriba viwili tu, yaani mifuko ya kuoteshea miche, rula ya mwanangu ya shule, na jirani niliyemwita aje ashuhudie. Muuza pembejeo alikuwa ameniambia, "Dada, jaribu mwenyewe nyumbani, ukiona tofauti urudi." Nikaiona tofauti, nikarudi. Kila chupa ilikuwa elfu kumi na kitu, na pesa yenyewe nilikuwa nimeiweka ya kununulia viriba.

Nina kitalu cha miche hapa Pongwe, Tanga, mipapai kwa wingi, miembe na michungwa kidogo. Mteja wa mche huchagua kwa macho. Ule mrefu wenye shina nene ndio unaoondoka kwanza, kwa hiyo sentimita 6 kwangu ni pesa.

Msimu uliofuata nikarudia vilevile, kiriba kimoja kwa kimoja. Safari hii mche wa maji ukaupita wa busta kwa sentimita 3. Nilipompelekea muuzaji habari, akasema nimekosea kuchanganya. Mtu mwingine, tena msomi, akaniambia dawa yake ni kuotesha mingi na kuchukua wastani, kwamba wastani haudanganyi. Ushauri huu umeniudhi kuliko busta yenyewe, maana nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonipotezea miezi.

Basi nikapanga viriba kumi. Vitano vya busta nikaviweka karibu na bomba ili nisitembee mbali na kopo, vitano vya maji nikavisogeza kule kwenye mwembe. Baada ya wiki tano vya busta vilikuwa juu kwa kiasi ambacho hata rula haikuhitajika. Nilifurahi kutwa nzima. Siku ya pili yake, saa tisa alasiri, nikapita pale kufuata ndoo nikasimama. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimevifunika vile vitano vya maji vyote, na vya busta vilikuwa juani. Kumbe wiki tano zote nilikuwa napima kivuli! Miche ile niliiuza kwa bei ya kutupa na daftari nikalichana ukurasa.

Tangu siku hiyo sipangi kiriba kwa mkono wangu mwenyewe. Viriba navipa namba 1 hadi 10, naandika namba hizo kwenye vikaratasi, navikunja, natia kwenye kikapu cha ukili, mtoto anachota. Viriba vitano ambavyo namba zake zimetoka kwanza ndivyo vya busta, na kila kimoja kinakaa pale namba yake inapokaa. Usiseme "nitachanganya tu kwa macho." Macho yana upendeleo, yatakupelekea mche mzuri kwenye kile unachotaka kishinde.

Nikaotesha upya, mbegu za papai moja, udongo uliochanganywa pamoja, tarehe ya kupima nimeiandika ukutani kabla sijaanza. Siku ilipofika, ya busta ilikuwa na sentimita 18, 25, 21, 29 na 22. Ya maji 17, 24, 19, 26 na 19. Wastani wa busta 23, wa maji 21. Nikasema, haya sasa, busta imeshinda kwa sentimita 2 na hakuna kivuli.

Mjomba wangu alifundisha hesabu sekondari mpaka alipostaafu. Alikuja kututazama jioni ile, nikampa shikamoo yake na daftari. Alilisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hii mitano ya maji, yote umeipa kitu kimoja?"

"Yote, mjomba. Kopo moja, saa moja."

"Sasa mbona mmoja una 17 na mwingine una 26?"

Sikuwa na jibu. Miche iliyolelewa sawa kabisa ilikuwa inapishana yenyewe kwa yenyewe sentimita 9, nami nimekaa nashangilia 2. Wastani ulikuwa umeniambia katikati ni wapi, haukuniambia miche imetawanyika kiasi gani huku na huku. Na bila kuujua huo mtawanyiko, ile 2 huwezi kujua kama ni kubwa au ndogo.

Halafu akanifundisha jambo ambalo nimelipenda mpaka leo, na hapa naomba nikae kidogo.

Alisema, "Tufanye kwamba busta yako ni maji tu. Basi miche hii kumi ingefika urefu uleule, hata ungeipa majina mengine. Hebu tuipe majina mengine tuone." Tukaandika urefu wa kila mche kwenye kikaratasi, kumi jumla, tukavitia kikapuni. Mtoto anatikisa, anachota vitano, tunavibatiza "busta". Vilivyobaki ni "maji". Tunatafuta wastani wa kila upande na tofauti yake, tunarudisha vyote, anatikisa tena.

Mara ya nne nilishachoka kugawanya, na hapo nikapata njia ya mkato mwenyewe, mjomba ni shahidi. Vikaratasi vyote kumi jumla yake ni 220, haibadiliki. Kwa hiyo jumlisha vile vitano tu. Ikifika 115 au zaidi, au ikiwa 105 au chini, tofauti ya wastani ni sentimita 2 au zaidi. Ikiangukia katikati, haikufika. Kuanzia hapo ikawa mchezo wa baraza: binti yangu anachota, mdogo wake anajumlisha kwenye simu, mimi napiga vijiti kwenye daftari, mjomba na kahawa yake. Tulianza baada ya Magharibi, tukafika mara 100 Isha imeshapita.

Mara 46. Katika mara 100, bahati peke yake, bila busta wala muuzaji, ilitoa tofauti ya sentimita 2 au zaidi mara 46. Sasa tofauti ambayo kikapu kinaweza kuitengeneza karibu nusu ya nyakati, mimi nitaitolea vipi elfu kumi?

Msimu uleule nilikuwa na viriba vingine kumi, udongo mtupu dhidi ya udongo wenye samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi ilitoa 27, 31, 25, 30 na 27, wastani 28. Mtupu ulitoa 18, 24, 20, 17 na 21, wastani 20. Tazama: mche mfupi kuliko yote wa samadi unaupita mrefu kuliko yote wa udongo mtupu. Kikapu tulikitikisa mara 100, tofauti ya sentimita 8 ikatokea mara moja tu. Mjomba akasema tungeweza hata kutotikisa. Vitu kumi ukivigawa vitano vitano kuna njia 252, na katika hizo ni 2 tu zinazofika 8: ile iliyotokea, na ile ya kuigeuza kichwa chini. Ni chini ya moja katika mia.

Akanihadithia kisa maarufu cha fikra hii, kisa cha chai. Ronald Fisher, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alikutana na mwanamke aliyedai akionja tu anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai. Jaribio ni vikombe 8, vinne hivi na vinne vile, bila mpangilio. Kuna njia 70 za kuchagua vinne, kwa hiyo kupatia vyote kwa kubahatisha ni moja katika 70. Huyo huyo Fisher mwaka 1925 aliandika kwamba moja katika ishirini ni mpaka unaofaa kutumika kuamua kama matokeo si ya bahati tu, na watu wakaugeuza sheria. Ni desturi tu. Ukijaribu busta ishirini zisizo na kitu, tegemea moja hivi kuvuka mpaka huo kwa bahati, na hiyo ndiyo utakayosimuliwa dukani.

Na ile "moja katika mia" ya samadi, watu wanaigeuza vibaya. Haisemi kwamba uwezekano wa samadi kuwa bure ni moja katika mia. Inasema kama samadi ingekuwa bure, matokeo kama haya yangetokea mara chache hivyo. Nimebishana na shemeji yangu juu ya hili mpaka chai ikapoa.

Pia sikusema busta haifanyi kazi. Mara 46 haikuthibitisha kwamba ni maji. Imesema viriba vitano vitano haviwezi kuona sentimita 2 katikati ya miche inayotawanyika hivi. Mjomba alipiga hesabu akaniambia, kwa mtawanyiko wa miche yangu, nikitaka nafasi nne katika tano za kuinasa tofauti ya sentimita 2 kama ipo kweli, nahitaji kama viriba 64 kila upande. Na hata nikiinasa, nijiulize kama mteja ataiona. Kwa mamia ya viriba naweza kuthibitisha hata nusu sentimita, ambayo hakuna atakayeilipia.

Samadi sasa natia kwenye kila kiriba, sikusubiri zaidi. Busta imenibakia chupa moja na nusu kabatini, na nimeamua kuitendea haki. Masika haya nimejaza viriba 128, namba zote zimechotwa kikapuni, hakuna kilicho chini ya mwembe. Tarehe iko ukutani. Zimebaki siku kumi na moja, na rula nimemnyang'anya mwanangu tena.