Foleni ya Utange, Mei 1992

Kopo la mafuta ya kula la lita 4, likikatwa mdomo wote na kingo zake zikagongwa nyundo zisikate mikono, hubeba karibu kilo 3 za mahindi makavu. Makopo mawili kwa mtu mmoja ni kilo 6, na kilo 6 ni gramu 400 kwa siku kwa muda wa siku 15. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukigawa chakula katika kambi ya Utange, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, miaka ile Wasomali waliokimbia vita walipojaa huko. Kopo lazima lipimwe kwa mfuto, kijiti kipite juu ya mdomo wake. Anayepima kwa tele anamdhulumu aliye mkiani mwa foleni, maana gunia la kilo 50 latosha watu 8 na kubakisha kilo 2 tu, na kilo 2 hizo ndizo zinazofidia yanayomwagika. Anayelitikisa kopo hushindilia mahindi, likapokea zaidi. Anayeacha kidole gumba ndani anapunja, na ni vigumu kumshika. Watu wa foleni wanayajua haya yote kuliko wenye bohari.

Nimeanza na kopo kwa sababu ugomvi ninaotaka kuueleza ulimalizikia kwenye kopo, ingawa ulianza kwa jambo kubwa zaidi.

Mwezi ule Siad Barre, rais wa Somalia aliyepinduliwa, alikuwa Nairobi. Alifukuzwa Mogadishu Januari 1991, akajikita kusini, na alipopigwa tena huko Gedo akavuka mpaka kuingia Kenya. Wapinzani wake waliokuwa Nairobi walipiga kelele, na serikali ya Kenya ikalaumiwa kwa kumpokea. Baada ya kama wiki mbili akaondoka kwenda Nigeria. Kambini habari hizo zilisikilizwa kwenye redio kila jioni, wanaume wamechutama kuizunguka, na kila jioni macho yalihamia kwenye mahema yaleyale machache: ya wale waliojulikana, au waliodhaniwa, kuwa watu wake.

Mjini nako maneno yalikuwa mengi. Haikuwa mara ya kwanza Mombasa kupigiwa hodi na mkubwa aliyeanguka. Januari 1964, baada ya mapinduzi ya Unguja, Sultani Jamshid bin Abdullah alikuja na jahazi lake la kifalme, Seyyid Khalifa, hadi hapa, na serikali ya Kenya, iliyokuwa na mwezi mmoja tu tangu uhuru, ikamkatalia kushuka. Akaenda Dar es Salaam, na kutoka huko akasafirishwa kwa ndege mpaka Uingereza. Ukanda wa mwambao ulikuwa wake kwa jina mpaka mkataba wa Oktoba 1963, na bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Msimamizi wa bohari yetu, mzee wa Mji wa Kale ambaye sote tulimwita Ami, alikuwa kijana mwaka huo. Alisema mji uligawanyika hata ndani ya nyumba moja, huyu analia, yule anasema na aonje naye. Kilichomkaa moyoni ni wale waliokuja nyuma ya Sultani bila jahazi la kifalme: makarani, mayaya, wajane. Hao ndio waliotukanwa barabarani, kwa kuwa ndio walioonekana.

Mwaka 1992 yalisemwa yaleyale kuhusu Wasomali, ila safari hii mazungumzo yalikuwa ya dhahabu. Mwanamke anapeleka bangili kwa sonara. Inapimwa kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, kisha yanatolewa mawe, inatolewa nta iliyojaza uwazi wa ndani, inakatwa sehemu ya lehemu, na kinachobaki kinahesabiwa kuwa dhahabu chakavu. Hana risiti wala kitambulisho. Akibisha bei, anaulizwa: umeitoa wapi? Kila mnunuzi anajidai kuamini ni mali ya wizi, kwa hiyo analipa bei ya mali ya wizi. Jioni watu walewale waliomwona dukani wanasimulia barazani kwamba wakimbizi ni matajiri, na mwenye nyumba anayesikia anapandisha kodi. Nimeliona hilo mara nyingi, na linaniudhi hadi leo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mei ni kilele cha masika pwani, na ingawa magunia yalikaa juu ya chaga za mbao, safu ya ukutani ilikuwa imekunywa maji yaliyopenya chini ya mabati. Nilikuwa nimekaa na daftari mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kusoma namba ya kadi, kutaja idadi ya watu, kutoboa kadi kwenye duara la mgao ule, na kumpisha mtu kwa wapimaji.

Akaja mama mmoja na kadi ya watu 7. Makopo 14, kilo 42. Mwanawe wa kiume alikuwa ameshika kiroba. Nyuma yao, watu wachache tu, alikuwamo bibi wa Kibarawa. Watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wengi walikuwa na kambi zao Mombasa, lakini baadhi waliishi Utange, na lugha yao iko karibu na yetu kiasi kwamba tulisikilizana bila mkalimani. Bibi akamtambua yule mama. Akasema kwa sauti ya juu mume wa huyu ni nani, alikuwa mkubwa wa wapi, na askari wake walifanya nini Barawa walipokuwa wakirudi nyuma. Mji ule uliporwa na jeshi lililoshindwa, kisha ukaporwa tena na waliolishinda. Bibi alitaja milango iliyong'olewa na bimkubwa jirani yake aliyevuliwa pete pamoja na ngozi ya kidole.

Mama hakujibu neno. Mtu akavuta kiroba, kikachanika, mahindi yakamwagika topeni. Wanaume wakaanza kusogea kutoka nyuma. "Mtoeni! Ale alichoiba!"

Ami alitoka bohari. Wapo waliomwambia afunge mlango. Hakufunga, na sababu yake ni ya msingi kwa yeyote anayegawa chakula: ukifunga, walio mbali hawajui kuna ugomvi, wanajua tu kwamba chakula kimekwisha, na wanasukuma. Wengine wakamshauri amhudumie mama kwa mlango wa nyuma, kwa usalama wake. Alikataa hilo kwa nguvu zaidi. Mkubwa aliyeanguka akipewa mlango wake peke yake, hata kwa kumhurumia, tuhuma zote zimethibitishwa. Wala hakumrudisha mkiani, maana ingekuwa adhabu, na bohari si mahakama.

Aliagiza mizani ya kuning'inia itolewe nje, ifungwe kwenye boriti ya varanda, uso wake uelekee kwa watu. Makopo 14 yakapimwa upya kwa mfuto, yakihesabiwa kwa sauti, kwenye gunia jipya. Gunia likatundikwa. Mshale ukasimama kwenye 40.

Si 42. Foleni ikanyamaza kidogo, kisha mtu akauliza: na langu je? Ami akamwita mzee mmoja aliyekuwa ameshachukua mgao wa watu 7 asubuhi ile, mtu asiye na ukubwa wowote. Likatundikwa gunia lake. 40 na kitu.

Mahindi yalikuwa yamekunywa unyevu. Punje ikilowa huvimba na kukwaruzana na wenzake, hailali vizuri, kwa hiyo kopo hujaa kwa punje chache kuliko kawaida. Zaidi ya hapo, sehemu ya uzito uliobaki ni maji. Kopo halikuwa na hila, lilipimwa tu wakati wa kiangazi na kutumiwa wakati wa masika. Ukweli ni kwamba foleni nzima ilikuwa imepunjika tangu asubuhi, yule mama na wote waliomzomea, kwa kiasi kilekile. Ami akatangaza nyongeza ya karibu gramu 300 kwa kila mtu, akachukua kikombe cha chai, akakipima kwenye mizani ndogo ya duka mpaka kikapata alama, na waliokwisha kuondoka wakaitwa kwa kipaza sauti warudi na kadi zao. Kelele zikahamia kwenye magunia ya ukutani, na huko zilistahili.

Kisha akamgeukia bibi wa Barawa. "Mamangu," akamwambia, "haki yako haimo kwenye mahindi ya huyu. Njoo ukae, tuiandike."

Sitaki mtu asome hapa kwamba bibi alikosea. Alikuwa na kila sababu. Wakati ule Wasomali walipokelewa kwa jumla, kundi zima, bila kuhojiwa mmoja mmoja. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 1F, unamnyima ulinzi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini alitenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu, na mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unasema hivyohivyo. Lakini ibara hiyo inamhusu mtendaji, tena baada ya kuchunguzwa mtu binafsi. Haimhusu mke wala mtoto kwa kuwa ni mke au mtoto. Pale ambapo hakuna anayechunguza, foleni hujifanya hakimu, na inayempata ni yule aliyeko kwenye foleni. Barre hakusimama kwenye foleni yoyote.

Tena kulikuwa na sababu nyingine ya hasira, ya haki kabisa, ambayo wenye mashirika hawakupenda kuisikia. Familia zilizokuwa na madaraka zilijua kuandika fomu, zilijua Kiingereza au Kitaliano. Wageni walipohitaji mkalimani au kiongozi wa mtaa wa kambi, waliwachukua hao, na kiongozi wa mtaa ndiye anayetaja idadi ya watu wa kila hema. Wavuvi na mafundi wa Barawa wakajikuta tena wanaandikwa na watu walewale. Kwenye safu ya kazi ya awali, daftari letu lilikuwa na walimu na wafanyabiashara tele, na hakuna hata afisa mmoja wa jeshi. Watoto waliazimwa siku ya kuhesabu watu ili hema la watu 4 lionekane la watu 7, na anayejua siku ya kuhesabiwa ndiye anayewahi kuazima. Kadi ya yule mama ilihakikiwa kesho yake: watu 7 kweli. Za viongozi wawili wa mtaa hazikuwa kweli.

Baada ya hapo orodha ilianza kusomwa hadharani mtaa kwa mtaa, mbele ya mashahidi wawili wa koo tofauti, na ikabandikwa ubaoni. Wakalimani wakazungushwa. Safu ya kazi ya awali ikaondolewa kwenye orodha ya mgao, ikabaki kwenye faili la ulinzi wa wakimbizi peke yake, kwa sababu kazi ya zamani ya mtu haibadilishi kilo zake 6. Majirani wa yule mama hawakuanza kumpenda kwa sababu ya hilo. Bombani walimpisha mwisho kwa muda mrefu.

Maelezo ya bibi yalichukua alasiri nzima. Kuna namna ya kuyaandika ili yafae. Kwanza aliyoyaona kwa macho, kwenye karatasi yake. Kisha aliyosikia, na ameyasikia kwa nani, kwenye karatasi nyingine, yasichanganyike. Tarehe, na kama haijui, basi ni siku ngapi kabla au baada ya Ramadhani. Mtaa, msikiti wa karibu, magari ya rangi gani, nani alitoa amri na nani aliitii. Asomewe tena yote kwa lugha yake kabla ya kutia kidole. Nakala tatu, moja abaki nayo mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu faili za kambi hazidumu kuliko kambi. Na kweli, kabla muongo ule haujaisha kambi za Mombasa zilikuwa zimefungwa na wengi kuhamishiwa Kakuma na Dadaab.

Barre alifia Lagos Januari 1995, hakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Jamshid aliruhusiwa kurudi Oman mwaka 2020 tu, akafariki Muscat Desemba 2024. Lakini Mohamed Ali Samantar, aliyekuwa waziri wa ulinzi na baadaye waziri mkuu wa Barre, alikuwa akiishi Virginia, Marekani, na mwaka 2004 Wasomali walioteswa chini ya utawala ule walimshtaki huko. Alidai kinga ya kiongozi wa serikali. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mwaka 2010 kwamba sheria aliyoitegemea haimkingi, na mwaka 2012 akahukumiwa kuwalipa dola milioni 21. Wale walikwenda na tarehe, mahali, na nani alitoa amri. Mkewe na wanawe hawakuwa kwenye hati ya mashtaka.