Mezani Pale Waligombana

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii kuna neno limenikaa moyoni. Jumamosi alfajiri, baada ya kusoma Injili kwenye jumuiya yetu, kikundi cha familia jirani za Kikatoliki, huku Mufindi, tulikuwa tunachagua mweka hazina. Likatajwa jina la mama mmoja mwaminifu, ambaye hajawahi kula hata shilingi ya mtu. Mmoja akasema, "Si huyo hakomuniki?" Yaani hapokei komunyo, Mwili wa Bwana, katika Misa. Kimya. Jina likaachwa, tukafunga kwa Baba Yetu. Ile "utusamehe makosa yetu" ilinikwama kooni.

Nikarudi kwenye Luka 22. Bwana ametwaa mkate, ametoa kikombe, na muda si mrefu, mstari wa 24, mitume wanabishana ni nani mkubwa kati yao. Hata hawajainuka mezani! Mkono wa msaliti uko hapo hapo, na Petro atamkana usiku uleule. Hao ndio waliokomunika wa kwanza. Yesu aliwajua wote, akawapa.

Mtakatifu Ignas wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa mwanzoni mwa karne ya 2, aliuita mkate huu dawa ya kutokufa. Papa Fransisko naye mwaka 2013 alikumbusha kwamba Ekaristi, yaani komunyo hiyo, si tuzo ya wakamilifu, bali ni dawa na chakula cha wanyonge. Ndiyo maana kabla ya komunyo tunasema sote "Bwana, sistahili": mwenyekiti, mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), padre mwenyewe.

Sisemi watu wajiendee tu. Paulo ameagiza mtu ajihoji kwanza, na mwenye dhambi ya mauti aanzie kitubioni kuungama. Hilo tunalijua, tena tunapenda kuwakumbusha wengine. Lakini katika sura hiyohiyo, 1 Wakorintho 11, Wakorintho walikaripiwa kwa lipi? Walitangulia kula chakula chao, wenzao wasio na kitu wakabaki na njaa na aibu.

Sasa tuambiane ukweli. Wengi wanaobaki kwenye benchi wakati wa komunyo hawajamkataa Mungu. Wameishi pamoja miaka bila ndoa ya kanisani, ndiyo maana hawakomuniki; watoto wamebatizwa, wanasubiri hela ya harusi. Nani aliwaambia ndoa ni ukumbi? Kanisa linataka wawili wasio na kizuizi, wanaokubaliana kwa hiari yao, mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Hakuna palipoandikwa keki, wala sare za kamati, wala pilau ya watu mia tatu. Hayo ni ya kwetu. Wakitokea wawili wakafunga ndoa katika Misa ya kwanza, wakarudi nyumbani kunywa chai, sisi tunaanza: "Mbona kimya kimya, kuna nini?" Kijana kibarua wa mashamba ya chai akisikia hivyo anaahirisha hadi mwakani, na mwakani tena. Halafu Jumapili tunageuza shingo kuangalia nani hakusimama. (Na wazazi tunaong'ang'ania mahari iishe yote ndipo waende kanisani, tumo humu humu.)

Jamani, tumeweka kiingilio kwenye meza ambayo Bwana hakuiwekea kiingilio, kisha tunawahukumu walioshindwa kulipa!

Wapo wenye vizuizi vizito, kama ndoa ya kwanza bado ipo. Hao wamwone padre, wala wasiache Misa na jumuiya. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1981 kwamba wasijihesabu kuwa wametengwa na Kanisa.

Lakini hawa wanaongoja hela tu, waendeeni wiki hii. Waulizeni kwa upole wanakwama wapi, na si mbele ya watu. Kama ni mashahidi, jitoleeni wewe na mwenzako. Kama ni wazazi, mzee wa jumuiya aende kuongea nao. Katekista atawapangia mafundisho na matangazo ya Jumapili tatu, na nguo safi waliyo nayo inatosha.